Taa Iliyogoma

Mtaalamu wa makumbusho ya reli alipopiga simu kusema anakuja, alisema pia, "Tafadhali msiisafishe taa. Iacheni ilivyo." Binti wa marehemu akacheka moyoni. Mgeni gani aliyelelewa vizuri asiyesema hivyo? Mgeni husema msijisumbue, na mwenyeji hujisumbua. Hata angeambiwa asipike, angepika.

Tena ziara hii haikuwa ya kunywa chai na kuagana. Baba yake alikuwa mshika taa wa kituo, kazi yake kumwonyesha dereva rangi gizani: kijani pita, nyekundu simama. Usiku mmoja treni mbili zikavaana. Yeye walimtoa chini ya behewa, taa bado iko mkononi, na alipozinduka hospitali tume ya uchunguzi ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Iliandika kwamba mshika taa alionyesha kijani, kwa uzembe. Neno hilo lilimfukuza kazi, likamfuata nyumbani, likaingia naye kaburini. Sasa makumbusho yalikuwa yanaandaa ukuta wa majina ya waliotumikia kituo kile, na jina lake halikuwamo. Mjane wake, ambaye macho yake hayaoni tena, alikuwa amebakiwa na ombi moja tu: jina la mume wake liwe ukutani kabla naye hajamfuata.

Binti akafikiri kama mtoto yeyote wa nyumba ya reli. Mtu ameitwa mzembe, utamteteaje? Utaonyesha vyombo vyake vya kazi. Filimbi akaisugua kwa majivu mpaka ikamwonyesha meno yake. Vifungo vya koti navyo vikapata haki yao. Ila taa ilitia aibu. Imebonyea ubavuni, imeliwa na kutu, na kile kifuniko cha juu, unachokizungusha ili rangi zibadilike, kilikuwa kimegoma tangu yeye ana meno ya utoto. Mama yake alikuwa akisema siku zote, "Iacheni hiyo," na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Walidhani ni majonzi. Isitoshe ilikuwa mali ya reli ndani ya nyumba ya mtu aliyefukuzwa, kitu ambacho hata kukitaja waliogopa.

Akaipeleka kwa fundi bati, mtu ambaye mdomo wake unafanya kazi kuliko nyundo yake.

"Nikimaliza hii," fundi alisema, "hata treni zilizostaafu zitarudi kazini."

Na kazi aliiweza, tusimnyime sifa yake. Ubavu ulinyooka, kutu ikatoka yote, kifuniko kikazunguka kwa kidole kimoja.

Mtaalamu alikuja amevaa glavu nyembamba, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Akaigeuza taa juu chini, akasoma namba iliyogongwa kwenye kitako, akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo yenyewe. Ni ya kituo kile, ni ya zamu yake." Binti akasogeza kiti karibu. Kisha mgeni akagusa kifuniko. Kikazunguka. Nyekundu, kijani, nyeupe, nyekundu tena.

"Dada, imekuwa ikizunguka hivi miaka yote?"

"Aa, wapi! Ilikuwa imegoma. Tumeitengeneza kwa ajili yako."

"Iligoma kwenye rangi gani?"

"Nyekundu."

Mgeni aliiweka taa mezani polepole, akavua glavu. Alieleza bila kumwangalia usoni. Taa ikipondwa kwa kishindo, kikopo cha ndani chenye vioo vya rangi hubanwa palepale kilipokuwa. Kutu ikiingia inakifunga hapo, na mwenye ujuzi akiikagua anajua hakijageuzwa tangu siku ile. "Nilikuja kuangalia rangi," alisema. "Sikuja kuangalia usafi."

"Lakini niliiona mimi. Nyumba nzima tuliiona. Ilikuwa nyekundu, naapa."

"Nakuamini. Ila wewe ni mtoto wake."

Binti alitoka mbio bila viatu. Alimkuta fundi amekalia kigoda chake, akamuuliza kutu iko wapi, vipande alivyokata viko wapi. Gari la vyuma chakavu lilikuwa limeshapita. Hata hivyo alipiga magoti kwenye lundo la mabaki, akafukua kwa mikono mitupu, bati likimchana vidole, na hakujua hata anachokitafuta kinafananaje.

"Basi uje useme," alimwambia fundi. "Uje useme ilikuwa nyekundu nilipoileta."

Fundi aliinuka kwenye kigoda, mara ya kwanza bila mzaha. "Sikuangalia, dada," alisema. "Niliangalia palipobonyea tu."

"Basi ibonyeze tena. Irudishe ilivyokuwa."

"Kubonyeza naweza. Ile kutu siwezi."

Alirudi nyumbani taratibu, maana hakukuwa tena na cha kuwahi. Baba yake aliishi na lile neno miaka yote huku ushahidi wake uko juu ya kabati, na aliyeufuta ni mwanawe, kwa mapenzi, kwa kumpa fundi chai na asante. Alitamani mtu amtukane.

Mtaalamu alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba begani, hajui aage vipi. Ndani, mjane alikuwa amepakata taa. Alikuwa ameomba aishike. Vidole vyake vilipapasa ubavu usiobonyea, vikapanda mpaka juu, vikazungusha kifuniko, kikaitika bila kelele. Akarudia. Akatabasamu kidogo kama mtu aliyekaribia kudanganywa akashtuka mapema.

"Mwanangu, umerudi? Mwambie mgeni wetu kuna makosa," alisema. "Hii taa ni ya mtu mwingine. Ya baba yako haigeuki. Kalete ya baba yako aione."

Binti akaichukua taa mapajani mwa mama yake. "Haya, mama," akasema. Akaingia nayo chumba cha pili, kama anayekwenda kuleta nyingine, akasimama huko.