Sakafu ya Mvule huko Kashojwa

Kule Nyamitanga, mjini Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, mwenye nyumba mmoja aliamua kung'oa sakafu yake ya mbao aweke vigae. Aloys alikuwa kibarua pale, kazi yake kubeba kifusi. Alipoona mbao nzuri za mvule zinarundikwa zichomwe, aliziomba, akapewa. Jioni akaingia Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, juu ya lori la mahindi, amezikalia mbao zake kama bwana harusi.

Mkewe Libérate alizitazama, akashika kiuno.

"Waume wa wengine wakitoka Mbarara wanaleta nyama. Wangu analeta sakafu."

"Mama Belyse, hutamwaga tena maji asubuhi kutuliza vumbi."

"Na kupiga sakafu ya mbao ulijifunzia wapi?"

"Niliwaona wakiing'oa. Kupiga ni hivyohivyo, ila unaanzia mwisho."

Libérate alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Kesho yake Aloys alitoa nje kitanda, masufuria na kila kitu. Akalaza miti ya kubebea mbao juu ya udongo, akapima usawa wake kwa sahani ya maji, kisha akaanza kupigilia kutoka ukuta wa nyuma. Majirani wakaja na ushauri. Aliyewazidi wote alikuwa Gad, mfugaji kutoka Kivu Kusini, aliyesimama mlangoni na fimbo yake.

"Aloys, unajenga mutumbwi? Ziwa iko kule!"

Aloys akafunga mlango afanye kazi kwa amani.

Alasiri ubao wa mwisho uliingia sawasawa pale mlangoni. Aloys akapangusa jasho, akaita, "Mama Belyse, njoo uone!" Akavuta mlango. Haukusogea. Akauvuta kwa mikono miwili. Ndipo akatazama chini. Mlango ule ulifungukia ndani, na sasa sakafu ilikuwa imepanda juu kuliko ncha yake ya chini. Alikuwa amejipigilia misumari ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Baba Belyse, mbona hufungui?"

"Mlango una shida kidogo."

"Mlango, au fundi?"

Gad alifurahi mno. "Tuvunje mulango?"

"Usiuguse!"

"Basi pita mu dirisha."

"Dirisha hili hata paka hapiti bila kusali."

"Haina shida. Tutakuwa tunakupatia chakula humo. Batu mingi banaishi mu nyumba mubaya kupita hiyo!"

Libérate alisogeza uso dirishani ili amcheke vizuri. Lakini jua lilikuwa limelala juu ya zile mbao, zikang'aa wekundu wa kahawia kutoka ukuta hadi ukuta. Kicheko kikamwishia. Tangu waondoke kwao Ruyigi, kila nyumba aliyoishi ilikuwa ya vumbi.

"Hii ni yetu?" aliuliza taratibu.

"Ni yetu."

"Nataka kuingia."

"Basi nipe bisibisi. Iko kwenye ndoo hapo nje."

Libérate akaichukua, lakini hakumpa. "Kwanza niahidi. Hakuna mtu ataingia humo na gambuti."

"Naahidi."

"Hata wewe."

Aloys akatazama miguu yake. Akavua gambuti zake, akazirusha nje kupitia dirishani moja baada ya nyingine. Ya pili nusura impate Gad.

Libérate akampitishia bisibisi. Aloys akafungua skrubu za bawaba, akainamisha mlango kwa ndani na kuunyanyua. Libérate alinawa miguu kwenye beseni, akaingia polepole, kama anayekanyaga kanisani. Akaenda hadi ukutani, akarudi, akaenda tena akikanyaga kwa nguvu zaidi.

"Nasikia ninavyotembea," alisema, na machozi yakamtoka huku akicheka.

Gad naye akanawa miguu bila kuambiwa.

Siku iliyofuata Aloys alikata ncha ya chini ya mlango kwa msumeno. Aliikata mno. Siku hizi kuku wanapita chini ya mlango uliofungwa, na Libérate huwafukuza peku nyumba nzima, wala hana haraka ya kuwatoa.