Bipu kutoka Iga

Tangu Orly aone ile filamu ya vita vya kompyuta, mama yake, Mbambu, hakupumzika. Si hadithi ya kubuni, binti alisisitiza, ni mambo ya kweli: watu wanaketi ofisini na kuzima taa za mji mzima bila kufyatua risasi. Aliisimulia jikoni, akaisimulia kanisani, mwishowe akaitungia wimbo. Maana mwanafunzi huyo wa informatique, sayansi ya kompyuta, alikuwa pia na bendi, yeye na rafiki yake Vital, iliyochanganya panki, rumba na kwaya ya parokia. Mbambu, na diploma yake ya ualimu, alisikia mabati yanayong'olewa tu.

Leo jioni lilikuwa tamasha lao la kwanza. Amplifaya alikuwa anaileta baba yake Orly, Tharcisse, kwa gari la abiria kutoka Ariwara hadi kwao Bunia.

Lakini Tharcisse alikuwa kimya. Barabara ile ilikuwa na desturi yake: msafiri akifika kwenye kizuizi cha Iga, kabla ya kuingia mjini, anabipu nyumbani, simu inalia mara moja, anakata. Wa nyumbani akimrudishia bipu, maana yake Bunia ni shwari, aje. Asiporudishiwa, asitoke hapo. Amani ilikuwapo, ndiyo, ila hakuna aliyeiegemea kwa uzito wake wote.

Mchana ukapita. Mbambu alizunguka uani, simu mkononi, huku gitaa likinguruma nyuma ya nyumba.

"Nyamazeni huko! Papa yako iko mu barabara!"

Orly akatoka akitiririka jasho. "Mama, usiogope. Telefone yako sasa iko na ulinzi mukali."

"Ulinzi gani?"

"Jana niliifunga. Namba yenye haina jina haiwezi kuingia. Mu ile filme, adui anapitia pale."

Mbambu alimkodolea macho. "Na kama telefone ya papa yako imezimika? Kama anabipu na ya dereva?"

Orly akaichukua simu, akabonyeza hapa na pale. Namba moja ngeni ikajitokeza, ikijirudia kutoka juu ya kioo hadi chini.

Mbambu akaipiga.

"Mama Orly!" Tharcisse alikuwa anapiga kelele. "Muko wazima? Toka asubuhi nabipu! Gari yote imekataa kutembea kwa sababu bipu yenu hairudi!"

"Huku kuko salama. Ni mutoto wako alifunga telefone."

Nyuma ya nyumba, Vital akaliachia gitaa lingurume.

"Na ile? Si risasi?"

"Ni muziki ya mutoto wako!"

Tharcisse alivuta pumzi. "Sasa barrière ya barabara wameifunga mpaka kesho. Tutalala hapa. Amplifaya niko naikalia."

Orly akajibwaga kwenye ngazi. "Mama, na tamasha?"

"Mutapiga na midomo. Na kesho asubuhi weye utakaa na hii telefone mu mukono, bila kuimba, mpaka papa yako afike."

Kabla ya kumkabidhi simu, Mbambu akaibipu ile namba ya Iga kwa hasira, mara moja tu: bipu iliyopaswa kuondoka asubuhi.