Vipimo vya Raya

Saa kumi na moja jioni ya tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, Adela alikuwa nyuma ya meza ya chakula kwenye ukumbi mmoja wa Adelphi, huko Marekani, akipanga sahani za karatasi na kuangalia mlango. Pilau lilikuwa limefika, sambusa zilikuwa zimefika, spika ilikuwa inakoroma kama kawaida yake. Kadi ya mwaliko ilisema sherehe inaanza saa nane. Mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania ndiyo kwanza alikuwa anaegesha gari.

Mama yake Adela, Bi Vumilia, alikaa meza ya mbele na tepu ya kupimia shingoni. Ni fundi cherehani wa Bukoba, na tepu hiyo haivui hata kanisani. Alikuja Takoma Park mwezi wa kwanza kumtembelea mwanawe, na ndege ya kumrudisha ilikuwa kesho yake. Kwa miezi hiyo mitatu alikuwa ameishi nyumba moja na Raya bila kumwona.

Hilo halikumshangaza mtu. Raya, mtu wa Unguja, mwenzake Adela kwa mwaka wa sita sasa, alikuwa haonekani kwa Watanzania, isipokuwa Adela. Wamarekani walimwona vizuri tu: wazee aliowahudumia kule Arlington, dereva wa basi, mwenye nyumba. Mtanzania akitokea, Raya alipotea machoni pake, na sauti yake vilevile. Kwenye sherehe za jumuiya watu walizoea kuona sahani ya pilau ikipita hewani karibu na Adela. Waliipisha, kisha wakasema, "Adela naye, kila mwaka anakuja peke yake."

Bi Vumilia pia alizoea. Asubuhi kikombe cha chai kilijileta mezani. Jioni blanketi lilimfunika magoti yake mabovu. Siku aliyofika, Adela alimwambia, "Mama, hapa naishi na mwenzangu." Kiswahili hakikumlazimisha kusema mwenzake ni mwanamume au mwanamke, na mama hakuuliza. Alisema "sawa," kisha akataka kujua kama ndizi za kupika zinapatikana.

Kila mwaka kuna siku moja Raya huonekana na watu wote. Tarehe 26 Aprili ni Muungano, na pia ni siku ya kimataifa ya kuonekana kwa wanawake wanaopenda wanawake, na hakuna aliyekaa kikao kuzipanga zigongane. Sherehe ya jumuiya hufanywa Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo. Mwaka huu Jumamosi ilikuwa tarehe yenyewe. Adela alitaka kitu kimoja tu, mama yake aondoke akiwa ameuona uso wa Raya, kwa sababu magoti yale hayangepanda ndege tena.

Raya alipiga simu akiwa bado kazini tangu jana mchana. Aliyetakiwa kumpokea zamu alikuwa hajafika.

"Usi-panic," Adela akamwambia. "Tuna mpaka midnight."

"Midnight ya nani? Mie siku yangu imeingia jana magharibi, na leo magharibi inatoka. Usiku kucha nimeonekana, Adela, na humu ndani hamna Mtanzania hata mmoja wa kuniona."

Adela alikaa chini. Miaka kumi na minne ya Marekani ilikuwa imemsahaulisha kwamba kwao Raya siku huanza jua likizama. Alitafuta kwenye simu. Adelphi jua lingezama saa mbili kasoro dakika nne.

Mwenyekiti, Mzee Respicius, alihutubia kuhusu umoja kwa muda mrefu sana. Halafu ikafika zamu ya udongo. Kila mwaka mtu wa Bara na mtu wa Visiwani humimina udongo kwenye chungu kimoja, kama ilivyofanyika mwaka sitini na nne. Udongo wenyewe hununuliwa duka la maua, mifuko miwili ya rafu moja. Upande wa Visiwani humimina Khalfan, na Khalfan alikuwa ameitwa kazini ghafla.

"Hatuna Mzanzibari mwingine?" Mwenyekiti akauliza kwenye maiki. "Sasa jamani, tutafanya Muungano wa upande mmoja?"

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini. Mlango ukafunguka, akaingia Raya na sare ya kazi, beji kifuani.

"Nipo," alisema. Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Karibu, dada. Ni mara yako ya kwanza kwetu?"

"Mwaka wa sita huu."

"Karibu sana, mgeni wetu. Adela, wewe uko karibu, simama upande wa Bara."

Walimimina pamoja. Watu walipiga makofi na vigelegele, mwingine akapiga kelele kwamba hii ndiyo picha ya Muungano. Bi Vumilia alisimama kwa shida, akaenda moja kwa moja kwa Raya, akamtazama kuanzia viatu.

"Kumbe mfupi. Vikombe unavirudisha kabati la juu, nikadhani mrefu."

"Napanda kiti, mama. Shikamoo."

"Marahaba, waitu," alisema, neno la heshima la kwao Bukoba. "Geuka nikupime."

Alimpima kimo na mabega, akampima kifua na urefu wa mkono. Hakuandika popote.

"Mama," Adela akaanza.

"Nyamaza, utanisahaulisha namba." Alimaliza mkono wa pili ndipo akasema, "Miaka yote hii nalala nikiomba mwanangu asiwe peke yake huku. Hukuweza kuniambia nipunguze kuomba?"

Adela alilia palepale mbele ya sambusa, akacheka, mwili ukamlegea kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Nje jua likazama. Tepu ilibaki imezunguka kiuno ambacho Bi Vumilia hakukiona tena. Aliinama, akasoma namba, akairudisha tepu shingoni.

"Yule dada mgeni yuko wapi?" Mwenyekiti akauliza wakati wa picha ya pamoja. "Ameshaondoka? Ndiyo maana jumuiya haikui." Watu walijipanga, wakaacha pengo la mtu mmoja kando ya Adela bila kujua kwa nini, wakapigwa picha hivyo hivyo.

Kesho yake, kwenda uwanja wa ndege, Bi Vumilia alikataa kiti cha mbele. "Hapo pana mtu," alisema. Walipofika alimkumbatia Adela, kisha akanyoosha mikono pembeni yake, kwenye urefu alioupima, akaweka sawa kola ya Raya. Hakupapasa.

"Gauni likiisha nitamtuma mtu alilete," aliiambia ile kola. "Likibana unitumie meseji. Wewe mwenyewe, usimtume huyu."

"Inshallah, mama," Raya akasema.

Bi Vumilia hakumsikia. Alisubiri muda unaomtosha mtu kujibu.

"Haya," akasema, akachukua begi lake.