Doa Jekundu Uani

Nzi hawakutua juu ya doa lile. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla hata ya wekundu wake, nikiwa nimeinama na fagio uani kwa shangazi Pelagia, pale mtaa wa Isevya. Lilikuwa chini ya kamba ya kuanikia nguo, karibu na mlango wa bafu, mahali ambapo baba Octavian, mume wa shangazi, hulaza gari lake la teksi. Yeye huondoka alfajiri kuwahi abiria wa treni, kwa hiyo ninapofagia gari halipo, zimebaki alama za matairi tu.

Mimi sikuwaza gari. Niliwaza mwili wangu. Kwenye kamba hiyo ndipo ninapoanika vitambaa vyangu vya mwezi, nikivificha chini ya kanga. Niliingia bafuni nikajikagua, nikajikuta msafi, na siku zangu zilikuwa bado. Hata hivyo nilitoka nikalifukia doa kwa mchanga, nikapitisha fagio juu yake. Nyumba ile ina wapangaji wengi, na msichana ni mmoja tu.

Kesho yake lilikuwepo tena. Nikafukia. Ikawa kazi yangu ya kila asubuhi, kabla ya kuchota maji.

Ningeweza kumwuliza mtu, lakini ningeanzaje? Niliacha shule darasa la tano, mama alipofariki, na tangu nije mjini nimezoea kuitika na kusubiri nitumwe. Neno damu sijawahi kulitamka mbele ya mtu mzima.

Aliyeniona ni Mama Recheli, mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye huuza asali sokoni. Siku hiyo aliamka mapema, akanikuta nimechuchumaa nafukia kwa mikono. Hakuniuliza kitu. Alitazama mikono yangu, akatazama tumbo langu, akaenda zake. Jioni wanawake wa jumuiya walikuja kusali kwa shangazi. Nilipokuwa napitisha chai, Mama Recheli alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia mvua:

"Mabinti wa siku hizi wanatoa mimba, wanafukia mchangani, halafu wanakuja kutugawia chai."

Mmoja alicheka, akaacha. Shangazi ndiye mwenyekiti wa jumuiya hiyo. Hakuinua macho kutoka kwenye rozari yake. Mimi nilimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Wageni walipoondoka shangazi aliniita chumbani. Hakunipiga. Alisema baba yangu alimkabidhi mtoto mwenye adabu, na sasa yeye atanirudisha nikajieleze mwenyewe kwa baba, nimefanya nini na nimefanya na nani. Jumamosi tungeenda kijijini kwetu, mbele ya Isikizya, kwa gari. Kwa mumewe angesema tu kwamba naenda kusalimia.

Nilijibu, "Sawa, shangazi." Mpaka leo nikiikumbuka hiyo sawa, masikio yananiwaka.

Jumamosi nilitia nguo zangu kwenye kiroba. Baba Octavian aliwasha gari, akakata usukani ili atoke, gari likaguna kama ng'ombe aliyebanwa. Wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba usukani umekuwa mzito. Sasa ulikuwa unamshinda kabisa, na hakutaka kujaribu njia ndefu namna hiyo. Akamwita fundi Masolwa, mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Shangazi alikaa mlangoni na mkoba mapajani. Mimi nilisimama na kiroba changu. Mama Recheli alitoka na ungo wa mchele akakaa kivulini kuuchambua, akatuelekezea uso wake wote.

Nilimwamkia fundi, akaitikia marahaba, akaniomba nimtafutie boksi tupu. Nikamletea la sabuni. Alikuwa ameshafungua boneti na kutazama kichupa cha oili ya usukani. Kilikuwa karibu kikavu. Alimwambia baba Octavian kwamba gari halinywi oili hii, ikipungua ujue inamwagika mahali. Akaipangusa mipira yote inayopitisha oili kwa kitambaa chenye petroli, ili ikivuja upya aone inaanzia wapi. Akajaza oili, akatandika boksi chini ya injini, akamwambia baba Octavian awashe na kuzungusha usukani mpaka mwisho, kushoto, kisha kulia.

Tukasubiri. Tone likadondoka juu ya boksi. Lilikuwa jekundu.

Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kulifunika. Niliuzuia.

Masolwa alichovya kidole kwenye tone lile, akalinusa, akaingiza mkono kati ya vyuma, kisha akamgeukia shangazi. Yeye ni Msukuma, kila mwanamke humwita mama kwa lugha yake.

"Ni mpira wa kurudishia oili, mayu. Umepasuka pale klipu inapobana. Huu umevuja muda mrefu. Hamkuona kitu chini? Mtu anaweza kudhani mmechinja kuku."

Baba Octavian alisema hapana, uani kwake ni safi siku zote, hajaona chochote. Shangazi alilitazama boksi, akatazama mchanga wa mlangoni mwa bafu, kisha akaanza kufungua na kufunga zipu ya mkoba wake. Mama Recheli aliinua ungo akaingia ndani, mchele haujaisha.

Fundi aliukata mpira kwa kisu pale penye ufa. Uliobaki ulikuwa unatosha, akausukuma mahali pake na kuukaza kwa klipu mpya. Akaongeza oili, usukani ukazungushwa taratibu mpaka mapovu yakaisha kichupani. Alitandika boksi upande wake mkavu. Likabaki kavu, na gari halikuguna tena.

Nilipaswa kufurahi. Lakini aibu haikuniacha, ilihama tu. Sasa nilijua shangazi na Mama Recheli waliuwazia nini mwili wangu, na wao walijua kwamba najua.

Baba Octavian aliuliza kama tunaondoka. Shangazi akasema safari imeahirishwa. Kisha, bila kunitazama, akaniambia nirudishe kiroba ndani nije nimnawishe fundi mikono. Basi, ndiyo hivyo tu.

Nilimnawisha fundi, akashukuru, akaenda. Nilikwenda chumbani kwa shangazi bila kuitwa. Alikuwa amenipa mgongo, anavua kitenge cha safari. Nilisimama mlangoni mpaka akageuka.

"Shangazi," nikasema, "mimi sijawahi kulala na mwanamume. Na wewe hukuniuliza."