Kuku Waliohema Saa Nane

Mzee Kibii hakuwa na mbwa. Hakuwa na ukuta, ila ua wa michongoma uliotobolewa na mbuzi wa watu. Hakuwa na taa uani, hakuwa na meno mawili ya mbele, na tangu astaafu kazi ya ulinzi kwenye ghala la mahindi mjini Nakuru, hakuwa na geti la kufungua wala la kufunga. Zaidi ya hayo yote, hakuwa na jirani aliyemwamini.

Alichokuwa nacho ni kitabu. Kwa miaka ishirini na miwili getini aliandika kila lori, kila mtu na kila saa, na mazoea hayo alirudi nayo kijijini Ndabibi. Kitabu cha matukio kilikaa dirishani, kalamu imefungwa kwa uzi ili mkewe, Cheruto, asiondoke nayo.

Februari ile jua lilichoma wiki tatu. Kisha mvua isiyo ya msimu ikanyesha siku mbili, jua likarudi juu ya udongo mbichi, na hewa ikawa nzito kama blanketi lililoloa. Kuku wake thelathini na mmoja wakaanza kufa.

Hakikuwa kideri, ule ugonjwa wa kuku. Hawakuharisha, hawakupinda shingo. Walisimama midomo wazi wakihema, mabawa yameachana na mbavu kama mtu anayepimwa suti, halafu mmoja angekaa chini, akalala ubavu, basi.

"Sumu," Mzee Kibii akasema. Akaandika: *Jumatano, saa nane na dakika kumi, tetea mmoja mweusi. Masinde amerudi kutoka kazini saa sita na nusu.*

Masinde aliishi ng'ambo ya michongoma. Alikuwa mnyunyizaji dawa katika shamba la maua kando ya ziwa, na ndiye aliyeshika funguo za stoo ya dawa. Wanyunyizaji huanza kabla ya mapambazuko na kumaliza jua likiwa halijakasirika. Kuku walikufa mchana. Masinde alirudi mchana. Kule getini watu walifutwa kazi kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Alichukua hatua. Alinunua plastiki kuukuu ya greenhouse, zile nyumba za kukuzia maua, kando ya barabara ya Naivasha, akalizungushia banda la wavu la kuku toka chini hadi kwenye mabati, akaipigilia misumari. Akaacha mlango tu, nao akautia kufuli. Kesho yake wakafa wanne.

"Amepata pa kupitishia," akasema, akaongeza plastiki ya pili.

Jumanne akapeleka barua kwa chifu. Chifu aliisoma mara mbili, akasema Masinde ataitwa Ijumaa, na kwa kuwa jambo lenyewe linagusa dawa, nakala itapelekwa kwa mwajiri wake asubuhi hiyo hiyo ya Ijumaa na lori la wafanyakazi.

Cheruto aliposikia akatua sufuria chini. "Baba Jepkorir, mtu wa funguo za dawa akisemwa ameua hata kifaranga, anafutwa siku hiyo hiyo. Yule ana watoto watatu."

"Basi asiue."

Alhamisi, saa saba na nusu, Mzee Kibii alijificha nyuma ya tangi la maji, rungu mkononi. Hakukaa sana. Masinde aliinama akapita kwenye tundu la michongoma, pampu mgongoni, akachuchumaa kando ya banda, akainua ncha ya plastiki na kuanza kunyunyiza ndani.

"Simama hapo! Mikono juu!"

Masinde akageuka polepole. "Mzee, nikiinua mikono nani atashika pampu?"

"Unanyunyiza nini?"

"Maji."

"Maji ya nini?"

"Ya kisima. Na pampu ni ya mboga zangu za sukuma, haijaonja dawa."

"Kunywa."

Masinde akatua pampu, akafungua kifuniko, akachota nacho maji, akanywa, akajifuta mdomo. Mzee Kibii akamkazia macho. Dakika mbili zikapita.

"Kuna sumu za polepole," akasema.

"Basi lete kiti, mzee, tungoje."

Cheruto alitoka jikoni kwa kasi, mikono ina unga. "Mwache! Mimi ndiye niliyemwita. Wewe huambiki. Nikisema ni joto, unaniambia sikusomea ulinzi."

"Na hata maji yangu hayasaidii, mama," Masinde akasema. "Humo ndani hakuna upepo. Maji bila upepo ni kuwapika kwa mvuke. Greenhouse zetu zina matundu juu ya kutolea joto. Mzee alinunua plastiki, matundu hakununua."

"Unanicheka?"

"Nicheke nini, na kesho naitwa kwa chifu?"

Cheruto aliingia ndani, akarudi na kitabu, uzi wa kalamu ukining'inia.

"Soma Jumapili."

Mzee Kibii akasogeza kitabu mbali na macho. "Jumapili, saa nane kasoro robo, kuku watatu."

"Sasa soma Ijumaa kabla yake."

"Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Masinde ameondoka na mfuko, koti jeusi."

"Na amerudi lini?"

"Jumatatu, saa sita."

"Alikuwa Bungoma akizika shangazi yake. Hao watatu aliwaua kwa simu?"

Mzee Kibii akafikiri. "Anaweza kuwa na mshirika."

"Mshirika gani?"

Alimtazama mkewe kwa muda mrefu kupita kiasi. Cheruto aliangua kicheko mpaka akashika tangi.

Mzee hakucheka. Mlinzi hakubali neno la mtu, hukagua mwenyewe. Akafungua kufuli, akainama, akaingia bandani, akaamuru mlango ufungwe kama ulivyofungwa siku zote.

Ndani kulikuwa na mwanga wa manjano, kama ndani ya chupa. Plastiki ilitoka jasho na matone yakamwangukia shingoni. Alitafuta punje ngeni, unga, karatasi, alama ya kiatu. Akachovya kidole kwenye chombo cha maji: yalikuwa ya moto kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kuku hawakumkimbia. Walisimama tu wakihema. Mmoja, mwenye madoadoa, alikaa chini.

Akaendelea kutafuta. Shati likamgandia mgongoni, kifua kikawa kizito. Alipotaka kuwaita wale wa nje, akagundua kwamba mdomo wake ulikuwa wazi kitambo, na kwamba viwiko vyake alikuwa ameviinua mbali na mbavu ili hewa ipite.

"Fungueni," akasema. "Nani ana panga?"

Wakaichana plastiki yote, wakabakiza wavu. Masinde alitandaza magunia juu ya mabati na kuyaloanisha, Cheruto akaleta maji ya mtungini, Mzee Kibii akakata matawi ya kivuli bila kuambiwa na mtu. Upepo wa ziwa ukapita. Yule mwenye madoadoa hakuamka. Wengine, mmoja mmoja, wakafunga midomo.

Saa kumi ilipolia redioni, Mzee Kibii alikuwa mezani na karatasi. Ofisi ya chifu ingefungwa saa kumi na moja.

*Malalamiko yangu yameahirishwa*, aliandika.

"Hadi lini?" Cheruto akauliza begani kwake.

Akaichana. *Imeonekana hakuna ushahidi wa kutosha.*

"Yaani upo, ila ni kidogo?"

Akaichana hiyo pia. Kisha akaandika bila kuinua kichwa: *Mimi Kibii nilikosea. Masinde hakuua kuku wangu. Waliuawa na joto, na joto nililifungia ndani mimi mwenyewe. Naomba asiitwe, na nakala isiende popote.*

Cheruto akaenda kumtafutia bahasha.

Sasa, nani angeifikisha? Miguu yake mwenyewe ingefika ofisi imefungwa. Baiskeli ilikuwa moja tu karibu, na mwenyewe, Masinde, alikuwa uani akimwagia magunia maji.

Mzee Kibii akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa dole gumba, kisha akatia sahihi yake juu ya mfuniko, nusu huku na nusu kule, isije ikafunguliwa njiani.

Masinde aliiona sahihi. "Mzee, bado huniamini?"

"Huo ni utaratibu."

"Inasema nini?"

"Chifu atakusomea. Futa mikono kwanza."

Masinde akafuta mikono kwenye suruali, ikabaki mibichi. Mzee Kibii akavuta upindo wa shati lake mwenyewe, akamkausha vidole kimoja kimoja, ndipo akamkabidhi. Masinde aliitia bahasha kifuani, akapanda baiskeli, akashika njia ya kwa chifu.