Ndege Asiyepiga Mbawa

Tangu avunjike nyonga, Bibi alikaa ghorofa ya nne kama mtungi uliowekwa juu ya kabati. Lifti ilikufa zamani. Binti yake, mfasiri wa Biblia, akienda kazini alifunga mlango kwa nje, maana siku moja alimkuta mama yake amekaa katikati ya ngazi, hawezi kupanda wala kushuka.

"Nikutegee kitendawili," Bibi alimwambia. "Nyumba yangu ina mlango, lakini anayetoka ni ufunguo."

"Mama, usinianze."

Ahadi ilikuwepo, hata hivyo. Binti akimaliza sura aliyokuwa akiitafsiri angechukua likizo, na fundi seremala wa chini na mwanawe wangembeba Bibi kwa kiti hadi uani, akanyage udongo. Kilibaki kitu kimoja: kumsomea mstari mtu asiyeujua, bila kumdokeza, aseme anachokiona. Ndio utaratibu wa ofisi yao. Msikilizaji akiona sivyo, mstari unarudi mezani, na meza ile ina watu sita, kila mmoja na kichwa chake. Mara ya mwisho walibishana miezi miwili.

Alasiri moja binti akavuta kigoda, akamsomea mama yake kwa lugha yao ya nyumbani: taifa litakuja juu yako kutoka mbali, kama tai arukavyo.

Bibi akaona kuku. Neno la kuruka walilochagua lilikuwa la ndege anayehangaika na mbawa hadi paani, akatua anahema. Nani ahame kwake kwa ajili ya huyo? Unamfukuza kwa ufagio. Akataka kusema, akakumbuka udongo.

"Naona tai," akasema. "Vizuri sana."

Binti akashusha pumzi. Akakunja karatasi huku akieleza jinsi kitenzi hicho cha Kiebrania, da'ah, kilivyowatesa: huyu anasema ni kwenda kasi, yule kuelea, mwingine kushukia mawindo. Wakachukua neno la kawaida, yaishe.

Bibi aligeukia dirisha. Miezi mitano dirisha ndilo lililokuwa kazi yake, na alimfahamu mwewe wa juu ya mapaa kuliko majirani. Mwewe hapigi mbawa. Huzitandaza, upepo ukambeba, utadhani hana shughuli. Kisha huinama upande mmoja, na huko chini hakuna tena pa kukimbilia. Kukosa pa kukimbilia Bibi hakuhitaji kufundishwa.

"Kaa," akasema. "Nimekudanganya. Nimeona kuku."

Binti akamtazama. "Mama, unajua likizo itakwenda wapi?"

"Najua. Kalamu unayo?"

Akamweleza bawa lililotulia, upepo, ule mwinamo. Akamtajia neno la kuruka ambalo wazee wa kwao walimwekea mwewe peke yake. Binti akaandika, akafuta, akaandika. Akausoma mstari upya, akauliza anaona nini.

Bibi akavuta shuka hadi kidevuni.

"Sasa naogopa," akasema.

Binti akaliandika hilo pia, na tarehe. Wale sita wangekutana Jumatatu.