Jina Lililotupwa Ndani ya Wimbo

Wimbo wa Mama Godelieve ulizaliwa matangani, udongo wa kaburi ukingali mbichi. Lionel, kitindamimba wake, alishika gitaa mbele ya watu wa mji wa Baraka akamwimbia mama aliyemlea kwa kukaanga ndagala, vidagaa vya ziwani, sokoni, aliyeunguza vidole kwenye mafuta ili mwana asome:

Vidole vilivyoungua, nani atavipuliza?
Moto umezimika, mama, nami bado nina njaa.

Watu walilia hadi mchungaji akashindwa kuanzisha sala. Hapo ndipo Bertin, mnunuzi wa dhahabu kutoka Misisi, alipomshika Lionel bega.

"Mutoto, huu wimbo usiozee hapa. Nitakulipia studio. We unitupie tu libanga."

Hakuna mwimbaji wa pande zetu asiyejua libanga. Ni jina la mtu: unalitupa ndani ya wimbo kama jiwe ndani ya maji, na mwenye jina anakufungulia mkono. Ndivyo tunavyokula. Huko studio Lionel akalitupa mwanzoni, katikati na mwishoni: "Bertin wa Misisi, baba wa yatima!" Jina lake mwenyewe hakulitaja popote. Alikuwa na kiburi cha fundi. Sauti yangu ndiyo jina langu, alisema. Nani Baraka asiyenijua?

Baraka walimjua. Lakini wimbo haukukaa Baraka. Uliingia kwenye simu za wenye pikipiki, ukafika Nundu, ukapanda milima hadi Bibokoboko, ukavuka ziwa bila kumuaga mwenyewe.

Mwaka ukaisha. Ukoo ukajiandaa kuondoa matanga, na Lionel alikuwa na nia moja tu: siku hiyo wimbo uimbwe safi, bila jina la mnunuzi wa dhahabu, na rekodi mpya iende mtandaoni na jina la mama na la mwanawe. Dada yake mkubwa, Georgette, alikubali.

"Mama alizikwa na jina yake," alisema. "Na wimbo yake ibakie nayo."

Wakarekodi upya. Eddy, mwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na soko, ndiye aliyejua kupandisha nyimbo mtandaoni. Akaupandisha. Jibu la mtandao lilirudi chai yao ikiwa bado ya moto.

"Lionel," Eddy alisema akijikuna kichwa, "banasema huu wimbo iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mi."

"Banasema ni Bertin. Alishaandikisha. Yeye njo mutunzi, yeye njo muimbaji. Kila mwenye kuusikiliza, faranga inaenda kwake. Na picha ni yake, angalia, amevaa miwani."

"Bertin? Hawezi hata kupiga mluzi!"

"Mashine haiombi muntu apige mluzi, ndugu yangu. Inauliza tu nani alifika wa kwanza."

Bertin alikuwa Baraka siku hiyo, amekaa kwenye nganda moja ya bia kando ya barabara, sahani ya nyama ya mbuzi mbele yake. Lionel hakusalimia, na kwetu hilo ni tusi tosha.

"Papa Bertin, rudisha wimbo ya mama yangu."

"Salimia kwanza. Mama yako hakukufundisha?"

"Usimutaje."

"We njo umenifanya nimutaje." Bertin akatafuna bila haraka. "Nani alilipa studio?"

"Ni we."

"Nani alilipa ule muntu wa kuandikisha wimbo kule Bukavu?"

"Sikujua kama iko mambo ya kuandikisha."

"Basi. Ee, muweke wimbo, tusikie!"

Spika ikanguruma: Bertin wa Misisi, baba wa yatima! Meza nzima ikapiga makofi.

"Unasikia jina ya nani?"

"Mi njo nililitupa!"

"Ulitupa, mi nikaokota. Yako iko wapi? Ngoja, tusikilize mupaka mwisho, labda utatokea."

Wakasikiliza mpaka mwisho. Hakutokea.

"Studio ulilipa," Lionel alisema. "Vidole vya mama yangu hukulipa."

"Siku ya matanga uimbe tu," Bertin alijibu, akimsogezea kipande cha nyama. "Sikukatazi. Mi si mubaya."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko kicheko chote: kupewa ruhusa ya kumlilia mama yake.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa shangazi, majirani wa soko, wenye pikipiki na wageni kutoka Nundu. Georgette alimkabidhi gitaa kwa mikono miwili.

"Imba, mudogo wangu. Bila ule muntu."

Lionel akapiga nyuzi. Mahali pa libanga la kwanza alikuwa amepanga kumwita Godelieve. Akavuta pumzi. Kabla hajalitamka, uwanja mzima ulipaza sauti, kwa furaha na kwa moyo safi, kama watu wanaoitikia kanisani:

"Bertin wa Misisi, baba wa yatima!"

Hawakumdhihaki. Ndivyo walivyoujua wimbo. Akaendelea. Katikati alipiga kelele "Godelieve!" kwa nguvu zake zote, na sauti zao zikamfunika kama mawimbi yanavyofunika changarawe. Georgette akaruka na mikono kichwani.

"Munyamaze! Ni mama yetu!"

"Lakini Georgette," shangazi alimjibu kwa mshangao, "wimbo si njo iko vile?"

Mgeni mmoja wa Nundu aliinama kwa jirani yake. "Huyu kijana anaimba muzuri wimbo ya Bertin," alisema. "Ni mutoto ya nani?"

Lionel alimsikia. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kufika kwenye ubeti wa mwisho, ule wa moto na njaa. Aliinua macho akawaona wote, hata watoto, wamefungua vinywa wakingoja zamu yao.

Akaweka kiganja juu ya nyuzi, akauacha wimbo papo hapo.

Wao wakaumalizia.